Nani Alikukanyagia?

Mwanangu, iko siku nilisimama na mashine ya kunyolea mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa upande mmoja tu, nikaamini kwa moyo wangu wote kwamba upepo ukiingia kwenye breki za gari dogo, gari hilo litasimama kama basi. Aliyeniambia ni mwenye kichwa hicho, kondakta wa mabasi ya masafa marefu, Bashiru jina lake, mtu wa maneno matamu na meno meupe. Alisema hivi: "Kinyozi, basi letu lina abiria sitini na mizigo buti nzima, na linaingia stendi na kusimama bila kumwaga chai ya mtu. Linasimamishwa na nini? Upepo! Husikii linavyopumua, tsssss? Sasa kagari kako kale, kakipata upepo kidogo tu kwenye breki, si katasimama mpaka kivuli chake kitangulie mbele?"

Nilicheka. Wateja waliokuwa benchini walicheka. Nilipomaliza kucheka nilikuwa nimeshaamini.

Tena niliamini kuliko nilivyoamini fizikia, na fizikia nilikuwa naisoma. Siku zile nilikuwa kwenye masomo ya jioni, darasa la watu wazima, mimi na mafundi uashi na mama wawili wauza samaki tuliokuwa tunaogopa hesabu kwa pamoja. Mwalimu alikuwa ameshatuandikia ubaoni kwamba hewa hubanwa na kimiminika hakibanwi, nami nililinakili hilo kwa mwandiko mzuri kuliko wake mwenyewe. Kwenye mtihani nikaandika jibu la mwalimu. Kwenye gari langu nikaandika la Bashiru.

Nakuandikia wewe uliyenunua gari la kwanza na sasa unataka kulibadilishia breki mwenyewe, uani kwenu. Najua unavyofanya. Unaangalia kwenye simu mtu wa nchi ya mbali akifunga breki kubwa kwa dakika kumi na mbili, mikono yake haichafuki, na hakuna kuku anayepita katikati ya zana zake. Sikukatazi. Mimi mwenyewe nilifanya, tena bila simu, na ninayo nasaha moja iliyonigharimu kuliko spea zote. Kaa kidogo, nisimulie.

Nilikuwa na mke, Adela. Tulifunga ndoa kanisani tukiwa vijana wa kutosha kuiona nyumba ya vyumba viwili pale Kibeta kuwa kasri. Tulikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa, mtoto bado. Mimi nilikuwa na kiti changu cha kunyolea karibu na soko la Bukoba, na kagari ka Kijapani ka mkono wa tatu, au wa kumi na tatu, keupe mahali rangi ilipobaki. Breki zake za zamani zilikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kutenda. Kuteremka kutoka kwetu hadi mjini, ilinibidi nianze kukanyaga nikiwa bado sebuleni nafunga kamba za viatu.

Asubuhi moja Adela akakunja nguo zake, akaziweka kwenye begi, akasema anakwenda kwao Muleba kukaa kidogo. Nikachukua ufunguo, nikamwambia ngoja nikupeleke. Akanitazama mimi, akautazama ufunguo.

"Gari hilo sipandi," akasema. "Breki zake mbaya."

Akapanda bodaboda hadi stendi, na pale stendi akapanda basi. Kile kidogo kikawa mwezi. Mwezi ukawa minne.

Katika yote aliyowahi kuniambia, mimi nilishika neno moja tu: breki. Nikaligeuzageuza kama sarafu. Mke wangu ameondoka kwa sababu ya breki, kwa hiyo breki zikiwa nzuri mke wangu atarudi. Ilikuwa hesabu rahisi, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kupata hesabu.

Sijui kama umewahi kuishi peke yako kwenye nyumba iliyozoea watu wawili. Mkungu wa ndizi ni adhabu. Unamenya za leo, unamenya za kesho, keshokutwa zote zilizobaki zimeiva kwa mpigo kama zimeambizana. Halafu mkono una mazoea yake: nilikuwa namenya ndizi za watu wawili bila kujua, napika za wawili, na kwa kuwa kutupa ni dhambi, nakula za wawili. Nadhani mimi ndiye mtu pekee Kagera nzima aliyenenepa kwa huzuni. Asubuhi natoka nikikuta kiatu chake kimoja cha shambani bado kiko mlangoni, kingine sijui alikipeleka wapi, nakiruka kwa adabu, naenda kuchekesha watu mjini.

Na niliwachekesha kwelikweli. Watu walikuwa wananyoa vichwa ambavyo havijaota nywele ili waje kunisikia tu. Wakiniuliza shemeji yu wapi, nawaambia yuko Muleba anamuuguza mama yake. Miezi minne nilimuuguza mama mkwe kwa mdomo, mwanamke mwenye afya ya ng'ombe, aliyekuwa akilima kibanja chake tangu alfajiri bila habari kwamba yuko mahututi.

Spea nilizipata kwenye duka linalouza vifaa vya magari yaliyokatwa. Diski za mbele kubwa kuliko zangu, kalipa pana za kuzibana, pedi mpya na mipira mipya ya kupitishia mafuta ya breki. Muuzaji alikuwa mwungwana mmoja mwenye kofia ya kufuma, babu yake alitoka pwani lakini Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Alinifungia kila kitu kwenye gazeti, akanieleza polepole.

"Ukimaliza kufunga, toa upepo. Mmoja anakaa ndani, anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko chini, anafungua skrubu ile ndogo ya kwenye kalipa, mafuta yanatoka na upepo, anafunga, ndipo yule wa ndani anaachia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Una mtu?"

"Ninaye," nikasema.

Sikuwa naye. Lakini ungeniona nilivyolitamka neno hilo, ungedhani nyumbani kuna kwaya.

Nilianza kazi Jumamosi mchana. Nikaweka mawe nyuma ya tairi, nikapiga jeki, nikasukuma gogo chini ya gari ili nisije nikaiamini jeki peke yake, na hilo ndilo jambo pekee la akili nililofanya siku hiyo. Nati za tairi zilikuwa zimeota kutu. Nililalia spana, nikasimama juu ya spana, nikairukia spana, ya mwisho ilipolegea mlio wake ulisikika Uganda. Diski za zamani zilikuwa zimeliwa zikabaki nyembamba kama sahani ya bati. Kuweka mpya nikaona fahari mpaka nikaziita kwa majina. Halafu rimu ikakataa kuingia, kwa sababu kalipa kubwa inataka rimu kubwa, jambo ambalo muuzaji alinitajia nami sikulisikia kwa kuwa nilikuwa nawaza Adela atasema nini akiziona. Nikapanda bodaboda na rimu mbili mapajani kwenda kubadilisha, nikarudi na kubwa.

Jumapili baada ya ibada nikaendelea. Nilikuwa nimefungua mipira na kuiacha wazi, mafuta yakadondoka mpaka kichupa chake kwenye injini kikakauka. Basi upepo uliingia kotekote, mbele na nyuma. Nikafunga kila kitu, nikamimina mafuta mapya, nikafika kwenye ile kazi ya watu wawili.

Mwanangu, jaribu kuwa watu wawili. Nilifungua skrubu, nikatoka chini, nikazunguka gari mbio, nikaingia, nikakanyaga, nikaachia, nikatoka mbio, nikalala chini, nikafunga. Kumbe kila nilipoachia pedeli kabla ya kufunga, breki ilivuta upepo mwingine kuliko ule uliotoka. Sikujua. Nikafanya hivyo mara mia saba. Labda ishirini. Nikachukua mpini wa jembe, nikauegemeza kati ya kiti na pedeli ushikilie badala ya mtu. Mafuta yakitoka kidogo tu pedeli inashuka, mpini unaanguka na kugonga honi. Kibeta nzima ilijua kwamba kinyozi anapiga honi akiwa chini ya gari.

Jirani yangu, Mama Jalia, alikuwa anaanika kanga zake upande wa pili wa ua. Akachungulia.

"Jirani, unagombana na nani huko chini?"

"Na gari, Mama Jalia."

"Nije nikushikie kitu? Mikono yangu mitupu."

"Hapana, mama, asante. Hii kazi ya mtu mmoja."

"Haya," akasema. "Lakini naona unakimbia kama watu wawili."

Nikacheka sana, nikamsifu kwa mzaha ule, nikarudi chini ya gari. Angeweza kukaa kwenye kiti kile na kukanyaga. Robo saa tu ya kazi. Lakini mtu akishakaa kwenye gari lako atakuuliza, mama mkwe anaendeleaje? Nami nilijua nikianza kumjibu Mama Jalia, mwanamke aliyekuwa akinisikia kila usiku nikijisemea jikoni, nisingemaliza vizuri.

Ndipo nikamkumbuka Bashiru na basi lake. Nililala pale kifudifudi, shavu kwenye udongo, nikaona mwanga. Kumbe nahangaika kutoa kitu ambacho wenye mabasi wanakilipia! Nikakaza skrubu zote, nikafuta mikono, nikarudisha tairi. Ukitaka kuamini jambo, sharti lije wakati umechoka na huna mtu.

Nililijaribu gari uani. Likasimama. Kweli nilikuwa nakwenda mwendo wa bata, na pedeli ilizama laini chini ya mguu, lakini nikasema huo ulaini ndio ustaarabu wenyewe, breki za zamani zilikuwa ngumu kama watu wa zamani.

Sasa sikiliza na jambo la pili, kwa sababu nilikosea mara mbili kwa siku moja. Kwetu sisi, mke akirudi kwao, mume haendi kumfuata peke yake. Anakwenda na mzee wa upande wake wa kumsemea, na wanabeba lubisi, ile pombe yetu ya ndizi, wanakaa, mzee anaomba radhi kwa maneno yaliyopangwa, mume ananyamaza. Baba yangu mdogo, Ta Kamala, alikuwa hai, tena anapenda kazi hizo kuliko chakula. Sikumwambia. Ningemwambiaje wakati hata yeye anajua mama mkwe anaumwa? Nikasema, maneno ya wazee ya nini, nitampelekea Adela jibu la neno alilolisema mwenyewe. Nikavaa shati la harusi, nikaondoka Kibeta peke yangu na breki zangu.

Njia ya Muleba ni nzuri, lami tupu, nami niliimba. Kwenye tambarare nikikanyaga mara mbili tatu gari lilipunguza mwendo. Nikitazama kiti cha pembeni, nilikuwa naongea nacho. "Umeona, Adela? Umeona hapo?" Kiti kilikubali kila kitu.

Kwa baba mkwe, Ta Ishengoma, unaacha lami, unaingia barabara ya udongo, halafu unateremka mteremko mkali wenye kona, ziwa likiwa mbele yako na kisiwa cha Bumbire kikionekana mbali kama kifaru aliyelala. Nilianza kuteremka nikikanyaga kwa upole. Pedeli ikashuka. Nikakanyaga tena, ikashuka hadi sakafuni na kubaki huko kama imekwenda kulala. Nikaipiga kwa mguu mara nne. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa kama kukanyaga mto wa kulalia.

Nitakwambia ukweli hapa bila kuongeza. Kulikuwa na mama mmoja anapanda na ndoo ya maji kichwani. Alinisikia, kwa sababu nilikuwa napiga kelele, akajitupa kando na ndoo ikaruka. Nilimpita kwa upana wa kiganja. Nikarudisha gia ya pili, injini ikalia, nikavuta handbreki, ambayo kwa rehema za Mungu ina waya wake na sikuwa nimeigusa, gari likaserereka, likaacha njia, likaingia kwenye kibanja cha mkwe wangu na kuangusha migomba. Nikiwa sokoni huwa nasema ni kumi na mitano. Ilikuwa mitatu. Gari likasimama kwenye wa nne, hatua kama sita kutoka mlangoni.

Yule mama alikuwa mzima, magoti yake tu yalichubuka. Nilipanda kwenda kumwinua na kumwomba radhi, naye alinitukana kwa Kihaya safi ambacho sikuwa nimekisikia tangu bibi yangu afariki. Nilistahili kila neno. Hata leo, nikifunga macho, naiona ile ndoo hewani.

Ta Ishengoma alikuwa ameshatoka nje. Mtu mrefu, mkimya, aliyeendesha malori ya kahawa ujana wake wote. Nilipiga magoti kumsalimia kama inavyopasa, shati la harusi limejaa udongo. Adela alisimama mlangoni, mikono ina unga.

"Karibu," akasema mzee. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu, tata."

"Hakuna mzee wa kukusemea?"

"Hakuna, tata. Nimekuja na breki mpya."

Akanitazama kichwani kuona kama nimejigonga. Halafu akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, kwa sababu mgeni ni mgeni hata akija kupitia migomba. Tulitafuna. Alipotema maganda akaenda kwenye gari, akabonyeza pedeli kwa mkono mmoja tu, akaniita.

"Hili ni godoro," akasema. "Ulipotoa upepo, nani alikukanyagia?"

"Hakuna, tata."

"Hakuna mtu Kibeta nzima?"

"Watu wapo. Sikumwita yeyote. Halafu upepo niliuacha makusudi."

"Makusudi!"

Nikamweleza habari ya Bashiru na basi. Mzee akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, akacheka kimyakimya, mabega yakitikisika, machozi yakamtoka. Nikacheka naye, nikidhani tumekuwa marafiki. Akaacha ghafla.

"Mkwe, lori la upepo nimeliendesha mimi. Lina mashine yake ya kujaza upepo, lina matangi ya kuutunza, kila chuma chake kimeundwa kwa kazi hiyo. Lako limeundwa kwa mafuta. Mafuta ukiyasukuma, yanasukuma pedi. Upepo ukiusukuma unabonyea, na wewe unaendelea na safari. Ungemuua mtu leo. Ni hivyo tu, hakuna zaidi."

Kisha akageukia mlangoni. "Adela! Njoo umkanyagie huyu."

Alikuja akijifuta unga kwenye kanga. Akaingia kwenye gari lile alilosema hapandi, akakaa kwenye kiti changu. Mwanangu, moyo wangu ulipiga kama ngoma za harusi. Nikajihesabia ushindi: amepanda!

Mzee akanielekeza tuanze na tairi lililo mbali zaidi na kile kichupa cha mafuta, la nyuma kushoto, halafu tusogee mpaka lililo karibu. Akanipa kimpira cheupe cha kuchomeka kwenye skrubu na chupa ya kukinga mafuta, ili nione upepo ukitoka. Yeye mwenyewe akasimama mbele kwenye injini kuhakikisha kichupa hakikauki tena. Nikalala chini.

"Kanyaga," nikasema.

"Nimekanyaga."

"Tena. Tena. Shikilia hapo."

"Nimeshikilia."

Nikafungua, mapovu yakatoka yakikohoa. Nikafunga.

"Achia."

"Nimeachia."

"Kanyaga."

"Nimekanyaga. Huko chini kunatoka nini?"

"Upepo, Adela. Mwingi!"

"Ndiyo maana umejaa," akasema, na nikasikia kama anatabasamu, lakini kutoka chini ya gari nilikuwa naona visigino vyake tu.

Tulizunguka tairi zote nne namna hiyo, zaidi ya saa nzima. Yeye anasema, mimi najibu. Mimi nasema, yeye anajibu. Nilikuwa nimelala mgongoni kwenye migomba iliyovunjika, mafuta yananiingia kwenye mkono wa shati, na nakumbuka nikiomba moyoni mapovu yasiishe. Yakaisha. Pedeli ikawa ngumu, ikasimama juu kama askari. Mzee akaendesha gari polepole kwenye tambarare, mkono kwenye handbreki, akakanyaga, gari likaganda palepale. Akakanyaga tena na tena mpaka akaridhika. "Ukifika mjini, fundi alikague kabla hujaliteremsha popote," akasema.

Nikamfungulia Adela mlango wa pembeni. Nikapangusa kiti kwa kiganja. "Breki sasa hivi," nikamwambia, "hakuna gari Kagera nzima lenye breki kama hizi."

"Naona," akasema. "Nenda salama."

Akarudi kwenye unga wake.

Nilirudi Kibeta kwa mwendo wa mazishi. Gari lilisimama kila nilipoliambia lisimame, hata mahali ambapo hapakuwa na haja. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Unadhani nilielewa? Nikasema labda viti. Nikavishona upya. Nikasema labda taa, labda redio. Kila baada ya wiki kadhaa nilikwenda Muleba na kitu kipya kwenye gari; Ta Ishengoma ananikaribisha kahawa, Adela ananisalimia vizuri kama mtu wa posta, nami narudi. Mwisho nilimwendea Ta Kamala, nikamweleza yote, pamoja na habari kwamba mama mkwe hajaumwa hata siku moja. Hakunicheka. Akavaa koti lake, tukabeba lubisi, tukaenda kama watu wanavyokwenda. Wazee walisema yao. Adela akaomba naye aseme, na alichosema nitakwambia punde. Hakurudi. Baadaye aliolewa na mtu wa Bumbire, mvuvi, ambaye nasikia akiwa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, watu humdhani bubu. Mimi niko hapa Kibeta. Masomo ya jioni nilihitimu, cheti kiko ukutani, vichwa bado nanyoa, na wateja bado wanacheka.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu. Kama utabadilisha breki nyumbani, usilale chini ya gari linaloshikiliwa na jeki tu. Ukinunua diski kubwa, uliza kama rimu yako itaingia. Mikono yenye grisi isiguse diski wala pedi. Tumia mafuta ya breki ya chupa uliyoifungua leo, usikubali kichupa kikauke, na upepo wote utoke. Jaribu kwanza uani, kisha tambarare, na usiteremke mlima wowote kabla fundi hajaona kazi yako, kwa sababu mbele yako kuna mtu amebeba ndoo. Habari ya gari uliyoisikia kwa mwenye meno mazuri, ipeleke kwanza kwa mtu aliyechafuka mikono.

Na ukifika kwenye kazi ya watu wawili, usikimbie kuzunguka gari. Piga hodi kwa jirani. Sema sina mtu, naomba unikanyagie. Akikuuliza habari za nyumbani, mjibu za kweli, hata kama sauti itakatika. Mimi nilijua kuwaambia watu mambo elfu moja na hilo moja likanishinda, na nimelilipia kwa miaka.

Mungu akulinde kwenye miteremko yote, mwanangu. Akupe mguu mwepesi na pedeli ngumu, na siku ukisema "kanyaga" awepo wa kukujibu "nimekanyaga."

Maneno ya Adela siku ile nakuachia kama nilivyopewa, sijaongeza chumvi hata punje. Alisimama mbele ya wazee wetu wawili, akanitazama usoni, akasema taratibu:

"Sikuondoka kwa sababu ya breki. Nilisema breki kwa kuwa ulikuwa umeshika ufunguo wa gari, ungeshika sufuria ningesema sufuria. Unawachekesha watu kutwa nzima pale sokoni, jioni unakwenda darasani kwako, ukifika nyumbani huna hata neno. Nilikuwa naishi peke yangu, na wewe ukiwemo ndani."